Sikio la Mzee Bukuru

Siku ya kuniaga, vijana wa maabara, mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Nimeitundika sebuleni hapa Makanyagio, na kwa kuwa inanikumbusha mchana kutwa kwamba sina la kufanya, nimeona niandike kama mlivyoniomba. Mambo ya vyeo nitayaruka. Nani alipandishwa na nani aliachwa mnayajua, na asiyejua ataelezwa na wenzake kwa furaha kubwa. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, hasa kipimo kimoja ambacho ninyi hamkukikuta, na mgonjwa mmoja aliyetusumbua kwa sababu alikuwa mtu mwaminifu.

Niliingia maabara mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mpanda ilikuwa wilaya ndani ya Rukwa. Mkoa wa Katavi mmekuja kuukuta ninyi. Hospitali sitaitaja jina, maana waliopo sasa hawahusiki. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha upande wa mashariki, na dirisha hilo ndilo lilikuwa kifaa chetu cha kwanza, kwa sababu darubini ilitegemea kioo cha kukamatia mwanga wa jua. Jenereta iliwashwa kukiwa na upasuaji tu. Siku za mawingu wagonjwa walisubiri jua huko nje kwenye benchi, nasi tukalisubiri ndani.

Aliyenipokea ni Mzee Kalonga, Mfipa mrefu aliyekuwa anapima damu za watu tangu mimi sijazaliwa. Nilikuwa nimetoka chuoni na koti jeupe jipya, nikitegemea nioneshwe darubini. Alinionesha beseni. Siku nzima niliosha slaidi, vile vipande vya kioo tunavyopakia damu. Kesho yake niliosha tena. Siku iliyofuata nikamuuliza, kwa heshima, kama nitaosha mpaka lini.

"Wewe umekuja kutazama darubini, siyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Darubini inaonesha ulichoosha. Osha."

Alikuwa akiinua slaidi moja kuelekea dirishani, akiona alama ya kidole anazirudisha kwenye beseni zote, hata zile safi. Niliona ni uonevu. Baadaye nilipoanza kusoma slaidi mwenyewe, nikakuta nusu ya vijidudu ambavyo wanafunzi wanavigundua ni uchafu wa vidole vyao, nikaacha kunung'unika. Jambo la pili alilonifanyia ni kunitoboa vidole vyote kumi, kimoja kimoja, huku akiniuliza kipi kimeuma zaidi. Hakuna aliyeruhusiwa kumtoboa mgonjwa kabla hajatobolewa yeye. Ndiyo maana mpaka leo natoboa pembeni mwa kidole, siyo katikati, na nawaomba mfanye hivyo hivyo.

Kazi kubwa ilikuwa malaria. Ya pili ilikuwa malale, ugonjwa wa mbung'o, uliowapata warina asali na wawindaji waliokaa porini kwa wiki nyingi. Nakumbuka mrina asali mmoja aliyeletwa na ndugu zake wakilalamika kwamba amekuwa mvivu, analala mchana na usiku anarandaranda. Walitaka dawa ya uvivu. Tulitazama slaidi zake mpaka macho yakatoka machozi, na mwisho tukamwona mdudu anajinyonganyonga katikati ya chembe za damu. Mmoja wa ndugu zake alikuwa amempiga kwa ajili ya uvivu huo.

Kwenye malaria shida yetu ilikuwa moja: watu walimeza klorokwini nyumbani, wakiona homa haijaisha ndipo wanakuja kupima. Slaidi haioneshi kitu, na mgonjwa bado anatetemeka. Mzee Kalonga alikuwa akiwafokea. "Umeshameza? Sasa mimi nitazame nini?" Maneno hayo yalienda mbali. Wauguzi wa zahanati waliyachukua, viongozi wa makanisa wakayatangaza baada ya ibada, na baada ya miaka michache hakuna mtu Mpanda, kuanzia mjini mpaka Kasekese, ambaye hakujua kwamba haendi mtu kupimwa akiwa na dawa mwilini. Tulijisifu sana kwa mafanikio hayo.

Ndipo akaja Dokta Mbise. Alikuwa kijana aliyetoka masomoni na masanduku mawili, dogo la nguo na kubwa la majarida. Alijali sana watu waliopata kiharusi cha kupita, yaani mtu mdomo unapinda au mkono unakufa kwa saa chache, halafu anarudi kama kawaida na kusema alikuwa amechoka tu. Dokta alisema hao hawajachoka, hao wamegongewa mlango. Kwenye damu zetu kuna chembe sahani, vidude vidogo vinavyokimbilia kwenye kidonda na kushikamana ili damu isimwagike. Zikishikamana zisipotakiwa, kwenye mshipa wa kichwani, ndipo mtu anapooza. Aspirini kidogo kila siku inazizuia zisishikamane. Lakini alikuwa amesoma kwamba kuna watu dawa hiyo inaingia na kutoka bila kuzifanya chochote chembe zao. Hali hiyo aliiita usugu. Alitaka kila mgonjwa anayempa aspirini apimwe, tujue kama ni mmoja wao.

"Kuna mashine za kazi hiyo," alituambia. "Sisi tuna masikio."

Mzee Kalonga alifikiri kidogo. "Kwa hiyo dawa ya kichwa tunaipimia sikioni."

"Ndiyo, mzee."

"Haya."

Nawaeleza jinsi tulivyofanya, kwa sababu mikono yenu haitaifanya kazi hii. Ncha ya chini ya sikio unaifuta kwa spiriti na kuiacha ikauke yenyewe. Unatoboa mara moja kwa lanseti, kina kile kile kila siku, na hapo ndipo mkono wa mpimaji unapojulikana. Huminyi. Unaanza kuhesabu muda, na kila nusu dakika unagusisha karatasi ya chujio kwenye tone la damu bila kuigusa ngozi. Karatasi inapata doa, linalofuata dogo zaidi, linalofuata dogo zaidi, mpaka inatoka nyeupe. Huo ndio muda wa damu kukatika. Tulimpima mtu kabla hajaanza aspirini, tukampima tena akishaizoea. Muda ukirefuka, dawa imefika kazini. Usiporefuka, Dokta Mbise anakunja uso. Wataalamu wamekiacha kipimo hiki na wana haki, maana hata baridi ya asubuhi au mkono mzito unaweza kukibadilisha. Ndicho tulichokuwa nacho, nasi tulikifanya kwa uangalifu wote tuliojaliwa.

Watu walikipokea kila mtu kwa namna yake. Askari mmoja, mkubwa kama mlango, alizimia kabla sijafungua lanseti. Mama mmoja muuza migebuka kutoka Karema aliniomba nitoboe juu kidogo na nitoboe mpaka upande wa pili, ili asirudi ziwani bila tundu la hereni. Nilimkatalia, akaniona mchoyo.

Kuna msimu mmoja ambapo wagonjwa wengi walipimwa na hakuna aliyebadilika. Dokta alihuzunika, lakini naapa ilikuwa huzuni yenye furaha ndani yake, maana alianza kuandika makala juu ya usugu wa watu wa Mpanda. Aliendelea nayo mpaka asubuhi moja alipofungua mwenyewe kopo la aspirini kumhesabia mgonjwa. Alilifunga. Akalifungua tena, akatuita tunuse. Kopo lilinuka siki. Stoo yetu ilikuwa na bati bila dari, joto lilikuwa limezichachusha zile aspirini na kuzifanya si dawa tena. Kopo jipya lilikuja kwa treni kutoka Tabora, na masikio yale yale yakavuja kama kitabu kinavyosema. Dokta aliikata makala yake vipande vidogo, tukavitumia kuandikia majina kwenye chupa za mkojo. Tangu hapo alisema usugu ni neno la mwisho kutumia, baada ya kumaliza maneno mengine yote. Nilimheshimu kwa hilo.

Mzee Bukuru alifika kwetu baada ya hapo, kipindi ambacho Mzee Kalonga alikuwa amestaafu na kurudi Ufipa na maabara nimeachiwa mimi. Aliletwa kutoka Litapunga amekaa kwenye keria ya baiskeli inayosukumwa na mpwa wake, na mkewe, Mama Odeta, anatembea nyuma. Ni watu waliotoka Burundi miaka ya sabini na kufyeka mashamba huku. Kazi yake ilikuwa kujenga mabani, zile nyumba ndefu za kukaushia tumbaku, na wakulima walimgombea kwa sababu bani lake halikuvujisha moshi. Siku chache kabla ya kuletwa alikuwa juu ya ukuta, tofali likamtoka mkono wa kulia, na alipotaka kumwonya aliyekuwa chini ulimi ukagoma. Kesho yake vyote vilikuwa vimerudi.

Dokta Mbise alimweleza kwamba safari ijayo huenda visirudi.

"Mkono upi?" akauliza Mzee Bukuru.

"Inaweza kuwa huo huo."

Aliutazama, akaukunja na kuukunjua. "Huu ndio mimi, dokta. Nipeni hiyo dawa."

Nilimpima kabla ya kuanza. Damu ilikatika mapema, kama ya mtu yeyote mzima. Alipewa pakiti yake, mkewe akaipokea kwa mikono miwili na kuifunga kwenye pindo la kanga. Waliporudi kupimwa, damu ilikatika mapema vile vile. Dokta aliongeza dozi kidogo. Wakarudi tena, na sikio la Mzee Bukuru likakauka kama kawaida yake, doa la mwisho dogo kama mbegu ya ulezi. Mzee alifurahi sana. Kwake damu inayokauka upesi ni damu yenye nguvu, na kila nikimwonesha karatasi alimgeuzia mkewe aione.

"Imara!" alikuwa akisema. "Nilikuambia, Mama Odeta. Imara!"

Dokta hakuwa na la kufurahia. Alizinusa aspirini, hazikunuka siki. Wagonjwa wengine waliopewa dawa ya kopo lile lile, muda wao ulirefuka vizuri. Aliwauliza, mbele yangu, zaidi ya mara moja.

"Mzee, dawa unameza?"

"Nameza."

"Kweli mama?"

"Ninampa kwa mkono wangu huu, dokta. Asubuhi, akishakunywa uji. Mbele ya macho yangu."

Na hayakuwa maneno tu, mama yule hakuwa mtu wa kusema uongo hata wa adabu. Jambo lililomtisha Dokta zaidi ni kwamba ulimi wa mzee ulikuwa umelala tena mara mbili, kila mara siku chache kabla ya kuja kwetu. Ulirudi, ila mara ya pili ulichukua muda, na alipotamka jina lake herufi zilikuwa zinateleza. Hapo Dokta akakata shauri. Safari ijayo damu ikikatika mapema tena, aspirini ataisimamisha, maana itamla tumbo bure, na Mzee Bukuru itabidi aende Mwanza kutafutiwa dawa ya aina nyingine.

"Mwanza siendi," alisema mzee.

"Mzee, ni kwa ajili ya mkono wako."

"Nikifia njiani mkono nao utakuwa wapi? Siendi. Sijui mtu kule. Mkishindwa nyie, nimeshindwa na mimi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayetaja bei ya tofali. Kwa hiyo kipimo kinachofuata ndicho kilikuwa cha mwisho, na sote wanne tulijua.

Walikuja asubuhi ya jua zuri. Nilimweka kwenye stuli karibu na dirisha, nikafuta sikio. Mama Odeta alikuwa mchangamfu kuliko siku zote, amevaa kitenge cha kanisani.

"Leo pima vizuri, binti yangu," akaniambia. "Leo utaona damu yenyewe. Safari hii hatukukosea hata kidonge kimoja. Tangu Jumapili ile nyingine hajaonja dawa."

Lanseti ilikuwa mkononi. Niliishusha.

"Hajaonja dawa gani, mama?"

"Hiyo yenu ya damu."

"Kwa nini?"

Alinishangaa, kama mwalimu anavyomshangaa mtoto anayejifanya hajui kuandika jina lake. "Si anakuja kupimwa? Nyie wenyewe ndio mnaotukataza. Mtu asimeze akapimwa. Niliwahi kufokewa hapa hapa na yule mzee mrefu, nikiwa na Odeta mgongoni ana homa. Nilimeza aibu siku hiyo. Sasa malaria mnataka siku moja, hii ni damu nzito, nikasema tuache wiki nzima ili isafike. Tunaombea, na dawa tunaiweka pembeni."

"Na zile safari nyingine?"

"Zote. Wiki nzima kabla. Mimi siyo mtu wa kuwadanganya watu na vipimo vyao."

Niliogopa, nasema wazi. Wiki zile za kuacha dawa ndizo wiki ulimi ulipokuwa unalala. Kila alipojiandaa kuja kwetu kwa uaminifu, alikuwa anaufungua mlango ule ule tuliokuwa tunataka kuufunga. Nilimwambia mzee asiinuke, nikaenda kumwita Dokta Mbise.

Dokta alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama, halafu akavuta stuli ya pili akaketi. Niliwaza atafoka. Hakufoka. Tulikuwa tumemuuliza yule mama kama mumewe anameza, naye akajibu ukweli. Hakuna aliyemuuliza kama kuna siku hamezi.

"Mama," akasema taratibu, "malaria tunatafuta ugonjwa, dawa inatuficha ugonjwa. Huku tunaitafuta dawa yenyewe. Mimi nataka kuiona kwenye damu yake. Ukiiondoa sioni kitu."

"Kwa hiyo mlikuwa hampimi Baba Odeta? Mlikuwa mnapima kidonge?"

"Kidonge ndani ya Baba Odeta. Ndiyo."

Mama Odeta alimtazama mumewe, na mumewe akatazama sakafu. Nadhani mzee aliona zile furaha zake zote za karatasi zimefutwa kwa sentensi moja.

Alilazwa. Kila asubuhi muuguzi alimpa kidonge na kumtazama akimeza, na baada ya siku kadhaa nikamketisha tena karibu na dirisha. Nilitoboa. Doa la kwanza, la pili, la tatu. Pale ambapo siku zote karatasi yake ilitoka nyeupe, safari hii ilitoka nyekundu. Niliendelea kugusisha. Nilifika mwisho wa karatasi nikachukua nyingine, na moyoni nilikuwa nacheka kwa furaha. Dawa ilikuwa inafanya kazi. Ilikuwa inafanya kazi siku zote. Mzee Bukuru hakuwa sugu hata kidogo.

Mama Odeta hakuona nilichokiona mimi. Aliona damu ya mumewe inatoka na haikomi.

"Mbona haikauki?"

"Inakuja kukauka, mama. Hivi ndivyo tunavyotaka."

"Mnavyotaka?" Akasimama. "Ilikuwa inakauka vizuri! Miezi yote hii inakauka! Mmemlaza siku nne mmeiharibu!"

Dokta alikuja kueleza. Alitumia mfano wa bomba la maji lenye kutu, na huo ulikuwa mfano mbaya kwa mtu aliyechota maji mtoni maisha yake yote. Alitumia mfano wa maziwa yanayoganda. Mama alimjibu kwamba maziwa yasiyoganda yana kasoro, kila mfugaji anajua. Damu ilikatika hatimaye, nikambandika pamba, lakini hakuna aliyekuwa anatazama sikio tena.

"Mama Odeta," akasema mzee, "dokta amesoma."

"Na mimi nimekaa na wewe tangu Burundi. Nitammezesha mtu kitu kinachomfungulia damu? Siku akijikata na panga porini, dokta atakuwepo?"

Mzee alitugeukia sisi. "Dawa ananipa yeye. Akikataa, mimi sinywi. Sitameza kwa kumficha."

Kabla hawajaondoka, Mama Odeta alikaa kwenye stuli bila kuitwa na kusogeza kilemba chake. "Nitoboe na mimi." Nilimtoboa. Damu yake ilikatika upesi, doa dogo, halafu karatasi nyeupe. Aliishika ile karatasi kando ya ndefu ya mumewe, akazilinganisha kwa muda mrefu, kisha akazirudisha mezani. Pakiti ya dawa aliichukua kwa sababu Dokta aliisukumia mkononi mwake, lakini safari hii hakuifunga kwenye kanga. Aliitia mfukoni mwa koti la mumewe, na tukajua maana yake.

Dokta Mbise alibaki mlangoni. "Nimempata mgonjwa ambaye dawa inamfaa," akaniambia, "na hataimeza." Kwa wiki mbili hivi hakutaka kuzungumza juu ya masikio. Mimi nilikuwa nikisikia baiskeli ya kutoka upande wa Litapunga nasimama dirishani, nikitegemea kumwona mzee ameletwa amelazwa kwenye machela. Kama mnadhani mtu wa maabara hamjui mgonjwa kwa sababu anaona damu yake tu, mtakuwa mmekosea.

Walikuja kwa miguu, wote wawili, mama mbele. Mzee alikuwa anatembea vizuri na alitusalimu kwa maneno yaliyonyooka. Mama Odeta hakungoja salamu ziishe. Alikaa kwenye stuli ya mgonjwa, akafunua sikio.

"Pima."

"Nani, mama? Wewe au mzee?"

"Mimi. Halafu yeye."

Nilitoboa. Doa la kwanza, la pili. Nilitegemea karatasi nyeupe kama mara ile. Ilikuja nyekundu, ikaja nyekundu tena. Nilimwita Dokta huku nikiendelea kugusisha karatasi, kwa sababu nilikuwa sijawahi kumpa mama yule dawa yoyote. Alifika, akatazama madoa yale yaliyojipanga, akamtazama mama.

"Mama, umekunywa nini?"

"Aspirini. Nimenunua dukani. Kipimo kile kile mnachompa yeye, kila asubuhi baada ya uji. Wiki nzima, na siku juu yake."

"Wewe huumwi! Dawa hii siyo yako, ingeweza kukuumiza tumbo!"

"Halijaniuma." Alikuwa anaifuata karatasi kwa macho, doa baada ya doa, bila woga. "Nimepalilia mahindi na damu hii. Nimekatwa na jani la muwa, ikatoka, ikakoma. Nimepanda juu ya bani kumshikia kamba. Sijafa."

"Lakini kwa nini, mama?"

Ndipo akamgeukia, na aliongea naye kwa upole kama mtu anayemweleza mgeni desturi za nyumba.

"Dokta, kwetu pombe haimfikii mtu mkononi kabla anayempa hajaonja. Anaonja mbele yake, anameza, ndipo anampa. Hata awe mumeo. Hasa akiwa mumeo. Mimi nimempa huyu kidonge chenu miezi mingi, kwa mkono wangu, na sikuwa nimeonja."

Damu ikakatika. Karatasi ilitoka nyeupe, nami nikambandika pamba. Mama Odeta aliinuka kwenye stuli, akamshika mumewe bega na kumkalisha mahali alipokuwa amekaa yeye.

"Sasa nimeonja," akamwambia. "Utakunywa."

Alikunywa. Alikufa miaka mingi baadaye kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa mzee sana, na mpaka mwezi wake wa mwisho alikuwa akipanda juu ya mabani ya watu na kuwafokea vijana kwa ulimi ulionyooka, tofali likiwa mkono wa kulia.